Laini Zilizokufa Mkunguni

Chumba chetu cha kazi kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la simu, katikati ya mji, na humo tulikaa wanawake watupu. Kila mmoja alikuwa na swichibodi mbele yake na spika sikioni. Mtu aliyetaka kuzungumza na Bukoba au Songea alitupigia sisi kwanza, nasi tukamtafutia njia. Kazi hiyo niliianza nikiwa msichana, nikaizoea hata nikawa natumia sauti ya kazini nyumbani. Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye Magomeni, alikuwa akinicheka. "Mwanangu, mimi sipigi simu kutoka Mwanza," alikuwa akiniambia. "Nimekuuliza tu kama chumvi ipo."

Hofu iliingia mle chumbani kabla ya mashine. Redio ilianza kuzungumzia ubinafsishaji asubuhi, mchana na jioni. Viwanda vikafungwa, mabenki yakapunguza watu, na pale mtaani kwetu kila nyumba ikawa na mtu wake aliyeachishwa kazi, anakaa barazani na redio yake hali jua limeshapanda. Sisi tulijipa moyo. Tulisema simu haiwezi kukosa watu kwa sababu binadamu hawezi kuacha kuzungumza. Kisha wakaja mafundi wageni, wakafunga mitambo mipya chumba cha pili, na tukaambiwa kwamba sasa mtu wa Dar ataweza kupiga Bukoba mwenyewe, kwa kidole chake, bila kumwomba mtu yeyote. Siku hiyo tulirudi kwenye swichibodi zetu tukitazamana.

Msimamizi wetu alikuwa na simu ya ndani mezani pake. Zamani ililia kwa mambo madogo madogo, chai imefika au fundi anapanda. Sasa ikilia ilikuwa na maana moja tu: kuna mtu anaitwa juu, ofisi ya utumishi. Msimamizi aliinua mkono wa simu, akasikiliza, akasema "ndiyo", akaushusha taratibu, halafu akatutazama. Kule kututazama ndiko kulikokuwa kunatuua. Mteja alikuwa ananiita sikioni, "Haloo? Opereta?", na mimi siwezi kumjibu mpaka nijue jicho la msimamizi litamwangukia nani.

Asubuhi moja lilimwangukia shoga yangu, jirani yangu wa mkono wa kulia. Alikuwa katikati ya kumuunganisha mtu na Kigoma. Alivua spika akapanda juu. Aliporudi alikuja kuchukua mto wake wa kukalia, ule aliouleta kutoka kwake kwa sababu ya mgongo. Nikamuuliza, "Vipi, shoga?" Akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Huyu ndiye aliyekuwa na sauti nzuri kuliko sote, wateja walikuwa wakipiga tena ili tu wamsikie akisema "endelea". Akatoka na mto wake kwapani. Kwenye swichibodi yake taa ikaendelea kuwaka, mtu wa Kigoma bado anangoja, nikanyoosha mkono nikajibu mimi.

Jioni nikifika nyumbani mama alikuwa ananiangalia kwanza usoni kabla ya kuitikia shikamoo yangu. Halafu anauliza, "Bado upo?"

"Bado nipo, mama."

"Alhamdulillahi. Kula."

Nilikuwa nakula bila kusikia ladha. Mama alikuwa na sukari na macho yake yalikuwa yanaanza kufifia. Baba alishafariki, ndugu zangu walikuwa mbali, na mimi ndiye niliyekuwa ukuta wake. Nikilala naota simu ya msimamizi inalia.

Ikalia kwa ajili yangu msimu wa vuli. Nilipanda ngazi nimeshika ukuta. Ofisini nikamkuta kijana mmoja ambaye sikuwa nimemwona kabla, amevaa tai, amekaa upande wa bwana utumishi kama mwenye nyumba. Alikuwa bosi mpya wa mauzo. Hakuniambia nikae.

"Unaijua Kariakoo?" akaniuliza.

"Naijua. Nimekulia Magomeni."

"Vizuri. Kuanzia Jumatatu unaenda mauzo. Wateja wanarudisha simu za mezani, wananunua za mkononi. Kazi yako ni kuwazuia wasirudishe, na kutafuta wengine wapya." Akaona bado nimesimama pale pale. "Tumekuchagua kwa sababu ya sauti. Lakini tuelewane, dada. Atakayeshindwa kuuza, mlango uko wazi."

Nilishuka sijui nicheke au nilie. Sikuwa nimefukuzwa, lakini maisha yangu yote ya kazi nilikuwa sauti tu. Hakuna mteja aliyewahi kuniona uso. Sasa nilitakiwa kusimama mbele ya watu, mchana kweupe, katikati ya Kariakoo, niwabembeleze wanunue kitu ambacho wao wameanza kukitupa.

Wakati huo kila mtaa wa Kariakoo ulikuwa unapata duka jipya la simu za mkononi. Leo mtu anauza sufuria, wiki ijayo sufuria zimesukumwa nyuma na mbele kuna kabati la kioo lenye simu. Vijana waliokuwa wakiuza soksi mkononi wakawa wanauza vocha. Mimi nilikuwa napita katikati yao na mkoba wangu wa shirika, na wenye maduka wakiniona walikuwa wanaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo.

"Dada, simu yenu mvua ikinyesha inakufa," aliniambia mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, muuza vyombo. Akatoa simu kiunoni akaiweka mezani. "Hii naenda nayo bandarini, naenda nayo hekaluni, naenda nayo chooni. Yenu nitaenda nayo wapi?"

Alikuwa anasema kweli. Kila jioni bosi alikuwa anatupanga mstari na kutuuliza mmoja mmoja nani kauza na nani kapoteza. Tulikuwa wengi mwanzoni. Tukawa tunapungua, wala hakuna aliyekuwa anaaga. Ukifika asubuhi unakuta nafasi kwenye mstari, unasogea.

Mtu pekee aliyenipokea vizuri alikuwa mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka la nyuzi na vifungo Mtaa wa Mkunguni. Wateja wote walimwita Ami, nami nikamwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilipomwamkia na kujieleza aliinamisha kichwa, akafumba macho.

"Sema tena," akasema.

"Nimesema natoka shirika la simu, Ami."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaniunganisha na Tanga! Na dada yangu! Ijumaa, kila Ijumaa." Akafumbua macho akacheka. "Nilidhani u mnene."

Ami hakutaka kusikia habari za simu ya mkononi. Dada yake wa Tanga alikuwa mkubwa kuliko yeye, alikuwa na simu ya mezani, na wote wawili walikuwa wamezoea kukaa kitini wakazungumza. Nikawa namalizia mzunguko wangu dukani kwake. Ananipa kahawa na kashata, nakaa kidogo kwenye kigoda.

Masika ya mwaka uliofuata yakaja kwa hasira. Jangwani palijaa maji hata sisi wa Magomeni tukawa tunatazama tu upande wa pili, hatuna pa kuvukia. Maji yalipopungua nikafika Kariakoo nikakuta Mkunguni yote kimya. Simu zote za mezani zimekufa. Maji yalikuwa yameingia kwenye chemba, yale mashimo ya zege chini ya barabara ambamo kebo zinapita, na kebo zilikuwa kuukuu.

Ami alinionyesha simu yake kama anayenionyesha mgonjwa. "Dada yangu atadhani nimekufa," akasema.

Wenzake wa mtaa ule walisema wazi: wiki ikiisha bila laini, wanarudisha simu zote. Mtaa mzima! Nilijua nikienda kusimama kwenye ule mstari wa jioni na kusema nimepoteza Mkunguni, asubuhi yake pengo litakuwa langu. Nikaenda karakana mwenyewe, nikaomba, nikabembeleza, nikakaa kwenye benchi nikakataa kuondoka mpaka wakasema watatuma fundi.

Fundi aliyetumwa nilikuwa namfahamu tangu enzi za swichibodi. Alikuwa mtu wa Kigamboni, mkubwa kwangu kidogo, mpole, na kazi yake ilikuwa kuunga kebo. Zamani alikuwa mwajiriwa kamili. Panga la kupunguza watu lilipopita mara ya kwanza lilimpata. Alirudisha stoo kila kitu, kofia ngumu, koti la njano lenye nembo, kitambulisho. Baadaye shirika likaikabidhi kazi ile kwa mkandarasi, na mkandarasi akawatafuta mafundi wale wale waliofukuzwa, kwa sababu hakuna wengine waliojua chemba zilipo. Akarudi kwenye mashimo yale yale kama kibarua. Hakuwa na koti wala kitambulisho. Siku hiyo alikuja amevaa shati la kawaida lililofifia na suruali aliyoikunja mpaka magotini.

"Kaka, peke yako?" nikamuuliza.

"Zamani tulikuwa tunakuja watatu," akasema. "Mmoja chini, mmoja juu, mmoja anaweka vibao barabarani. Sasa mimi ndiye wote." Akafunua mfuniko wa chemba kwa nondo, akanusa. "Anza kuomba Mungu maji yasiwe mengi."

"Uanze na ya Ami," nikamwambia. "Mzee anahangaika."

"Ya Ami kwanza," akasema, akashuka.

Lazima nieleze hali ilivyokuwa pale mtaani. Miezi ile wizi wa nyaya ulikuwa umeshamiri. Watu walikuwa wanafukua kebo za simu na za umeme, wanachoma mpira, wanauza shaba iliyo ndani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku chache tu kabla, mtaa wa jirani walikuwa wameibiwa kebo, maduka yakakaa bila simu wala taa, watu wakawa na uchungu. Na Kariakoo mtu mwenye uchungu hakai peke yake. Kuna wapagazi, kuna wamachinga, kuna wapita njia ambao hawajui lolote ila wanajua kukimbilia kelele.

Mimi nilikuwa mlangoni kwa Ami, nimeshika kikombe. Niliona kichwa cha fundi kikitokeza chembani. Alikuwa ametapakaa tope. Akatupa juu kipande cha kebo iliyooza, kirefu, mpira umechunwa na shaba inang'aa, halafu akajivuta akatoka, akakiinua kipande kile begani ili akiweke pembeni.

Sauti ya mwanamke, sijui nani, ikasema, "Huyo hapo! Mwizi wa nyaya!"

Neno lile, mwizi, pale Kariakoo halihitaji kurudiwa. Nilisikia ndala. Ndala nyingi zinakimbia kwa pamoja. Kabla sijaweka kikombe chini fundi alikuwa keshazungukwa.

"Mimi fundi!" alikuwa anasema. "Fundi wa simu, jamani!"

"Kitambulisho kiko wapi?"

Nikamwona akigusa mfuko wa shati lake. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka mingi, pale kilipokuwa kikikaa. Mfuko ulikuwa mtupu. Akabaki ameshika kifua. Hapo mtu akampiga kwa kile kile kipande cha kebo.

Nataka niseme nilipiga kelele, lakini sikuweza. Miguu yangu ilinipeleka mpaka ukingoni mwa lile kundi, na mdomo ulikuwa wazi bila sauti. Nilikuwa naona migongo tu. Mahali fulani katikati ya migongo ile nilisikia vishindo, na mtu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeagiza chai, "Tairi liko wapi? Nani ana mafuta ya taa?" Nikaona kijana mmoja anatoka mbio kuelekea Msimbazi kulitafuta hilo tairi. Nilijua namtazama mtu anayekwenda kuuawa, na ni mimi niliyekaa kwenye benchi kule karakana nikamwombea kazi hii.

Kisha nikasikia sauti ya fundi kutoka chini, karibu na lami.

"Dada! Mwambie Ami ainue simu! Ainue simu!"

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Nikageuka nikakimbia dukani nikamkuta Ami amesimama nyuma ya kaunta, mweupe kama bafta.

"Ami, inua simu!"

"Nini?"

"Inua simu, Ami, kaanza na yako! Inua!"

Akainua. Akaibana sikioni. Akatulia. Macho yakamtoka.

"Inalia," akasema. "Ina mlio."

Mimi ndiye niliyebeba kile kisanduku cha simu mpaka mwisho wa kaunta, kwenye mlango, pale waya ulipofika ukakaza. Na hapo sauti ikarudi. Sikuita kwa kulia. Ilikuwa sauti ile ya kazini, ya kumwambia mtu wa Songea asikate, laini inakuja. Nikasema, "Samahanini. Huyo mtu ameunga laini ya duka hili sasa hivi. Ilikuwa imekufa tangu mvua. Njooni msikilize wenyewe."

Wa nyuma wakageuka. Pengine walishangaa tu, mwanamke mwenye mkoba kashikilia simu mlangoni. Mpagazi mmoja, mtu wa miraba minne mwenye jiwe mkononi, alikuja mpaka mlangoni. Nilimnyooshea mkono wa simu. Alinitazama mimi, akamtazama Ami. Akahamisha jiwe mkono wa kushoto, akaweka simu sikioni.

Sijui alisikiliza kwa muda gani. Kwangu ulikuwa muda mrefu mno.

"Kweli inalia," akasema. Akageuka akapaza sauti. "Oya! Oya, mwacheni! Simu inalia huku! Mwizi gani anaunga simu?"

Wakaja wengine wawili watatu, wakasikiliza, wakapeana. Lakini kundi ni kama maji ya Jangwani, ukizuia hapa linapita pale. Wa mbele walikuwa wameacha, wa upande wa pili hawajui kilichotokea na bado wanasukuma, na mimi nilikuwa natazama upande wa Msimbazi kama yule kijana anarudi. Mpagazi akaingia katikati, akamnyanyua fundi kama gunia la mchele, akamwingiza dukani. Ami akashusha mlango wa chuma. Palikuwa na kusukumana, na meza ya vifungo ikapinduka, vifungo vikamwagika sakafu nzima.

Tukawa gizani, watu wanne. Nje wanagonga mlango kwa viganja na kwa kitu kizito zaidi. Mtu akapiga kelele, "Mtoeni!" Mwingine akamjibu, "Wewe huna akili, huyo fundi." Walikuwa wanagombana wao kwa wao huku mlango unatikisika. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye vifungo, nimeshika kichwa cha fundi. Damu yake ilikuwa inaingia kwenye mikono ya gauni langu, ya moto. Ami alikuwa anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini. Mpagazi ameegemeza mgongo wake kwenye mlango, jiwe bado liko mkononi, sidhani kama alikumbuka kulitupa.

"Kaka, unanisikia?"

"Nakusikia." Halafu akasema, "Mkono wangu. Siusikii mkono."

Adhana ya alasiri ikatoka msikiti wa jirani. Nje wakaanza kupungua, kwanza wachache, kisha wengi. Yule wa tairi kama alirudi basi hakukuta watu wa kumshangilia. Tulingoja mpaka tukasikia mtaa umerudi kwenye kelele zake za kawaida, wauzaji wananadi bei za mashati. Sauti hizo zilinitia hofu kuliko za mwanzo. Ilikuwa kama hakuna kilichofanyika.

Tukampeleka hospitali kwenye kitoroli cha mizigo, mpagazi anasukuma. Alipona kichwa. Mkono wa kulia haukupona sawasawa. Vidole viwili vilikuwa vimevunjwavunjwa, vikaunga vimepinda, na fundi wa kuunga kebo bila vidole hana kazi. Nilikwenda kwa mkandarasi kumwombea chochote. Wakaniambia yule ni kibarua wa siku, wao hawana mkataba naye, niulize shirika. Nikaenda shirika. Wakaniambia huyu si mtu wetu tena, uliza kwa mkandarasi. Bosi wa mauzo alinisikiliza mpaka mwisho, nikaona kabisa uso wake umebadilika, ni kijana tu kumbe, naye anaogopa. Lakini alichosema kilikuwa, "Na Mkunguni? Zile laini nyingine zimeungwa?"

Hazikuungwa. Wenye maduka walirudisha simu zao, mmoja baada ya mwingine. Mimi niliendelea kwenda Kariakoo kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda, lakini nilikuwa natembea karibu na kuta. Nikiona watu wawili wanakimbia, nasimama. Hata wakiwa wanakimbilia mvua tu.

Mwishowe Ami mwenyewe akarudisha. Aliniita tukakaa, akaniagizia kahawa. "Dada yangu kanunuliwa ya mkononi na wajukuu," akasema. "Anasema ile ya mezani wameitoa. Sasa mimi, binti yangu, nizungumze na nani kwa hii?" Nikambebea ile simu mwenyewe mpaka ofisini, nimeikumbatia. Haikupita muda kitengo chetu kikafungwa. Tulikusanywa ukumbini tukaambiwa wote kwa mara moja, asante kwa utumishi wenu. Kwenye ngazi wengine walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nafikiria nitasimamaje mbele ya mama.

Aliniangalia usoni. Hakuuliza kama bado nipo. Alisema, "Njoo ule, mwanangu," akanisogezea sahani, na mkono wake ulikuwa unapapasa mkeka kuitafuta.

Ami ndiye aliyenipa pembe ya kaunta yake, pale pale mlangoni. Nikaanza kuuza vocha, baadaye simu, baadaye na makava na chaja. Biashara ilikwenda. Wale walionicheka walikuja kununua kwangu. Nisidanganye, ilikwenda kuliko mshahara. Lakini kila mtaa ulikuwa umejaa wauza vocha kama mimi, kila wiki anaongezeka mwingine, na kila asubuhi nikifungua nilikuwa na hofu ile ile ya ngazi za jengo la simu.

Fundi alibaki Kigamboni, akawa analima mchicha kwa mkono mmoja na nusu. Nilimpelekea simu ya mkononi iliyotumika, tukawa tunajuliana hali. Hakuwahi kuvuka tena kuja mjini. Mpaka mwaka mmoja, Idi imekaribia, simu yangu ikalia.

"Dada, niko Magogoni," akasema. "Nimeshavuka na pantoni. Nimekuja kumnunulia bintiye mama viatu vya sikukuu." Ndivyo alivyokuwa akimwita mwanawe wa mwisho. "Sasa miguu imegoma. Nimejaribu, nimefika mpaka barabarani, nimerudi."

Nikamwomba Ami anishikie kaunta. Nikamkuta fundi amekaa kwenye ukingo wa ukuta, karibu na wauza samaki wa kukaanga, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa amezeeka. Sikumwambia jikaze, wala sikumwambia Kariakoo sasa ni salama, kwa sababu mimi mwenyewe nisingeliamini neno hilo. Nikakaa pembeni yake. Tukazungumza habari za mchicha na za mama. Pantoni ikaja ikajaa ikaondoka, ikaja nyingine.

"Nitarudi na hii," akasema.

"Na viatu?"

Akatoa mfukoni kijiti, kipande cha ufito alichokikata sawasawa na unyayo wa mtoto, akanipa kwa ule mkono wenye vidole vilivyopinda. "Vyekundu kama vipo," akasema. "Visiwe na kisigino."

Nikamsindikiza mpaka kwenye lango, nikamngoja apande. Kisha nikarudi mjini kwa miguu, nikaingia Mtaa wa Kongo katikati ya msongamano wa sikukuu, watu bega kwa bega, nimekishika kijiti kile mkononi, nikaanza kupima kiatu kimoja baada ya kingine.